Excel isome taratibu, WhatsApp ikimbie: inawezekana?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi natunza hesabu za kikundi chetu cha wakulima wa zabibu hapa Hombolo, sioni, natumia NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti. Shida yangu ni kwamba kwenye Excel nataka isome polepole na itaje kila alama, maana namba zetu za mashamba HB12 na HB-12 ni watu wawili tofauti, dashi ikirukwa mtu anapata hela ya mwenzake. Sasa nikihamia WhatsApp ya kwenye kompyuta inanitajia koma, nukta, mabano, mpaka ujumbe wa mama siuelewi. Kila siku ni Insert na P kubadili kiwango cha alama zinazotajwa, napandisha nashusha, na juzi nikasahau kupandisha. Kuna namna?
Msomaji, Hombolo, Dodoma

JIBU: Pole sana dada, hela za watu zinaumiza kichwa. Namna ipo na hakuna cha kununua, NVDA ni ya bure tangu Michael Curran, ambaye haoni, alipoianzisha Australia mwaka 2006. Unachohitaji ni profaili, yaani seti ya setingi, ya Excel peke yake.

Fungua Excel kwanza, na ubaki humo humo, hapa ndo wengi wanapokosea, wanaanzia desktop halafu wanashangaa. Ukiwa ndani ya Excel bonyeza Insert, Control na P, nenda kitufe cha New, chini ya jina kuna machaguo matatu, chagua lile la "Current application", utasikia linataja excel, kisha OK. Funga dirisha, rudi kwenye jedwali lako, bonyeza Insert, Control na V, zinafunguka setingi za usemaji. Kabla hujagusa chochote sikiliza kichwa cha dirisha, lazima kitaje jina la profaili, kisipotaja ujue unaharibu setingi za kompyuta nzima. Kimetaja? Shusha spidi, na kiwango cha alama zinazotajwa (Punctuation/symbol level) kiweke "all".

Kuanzia hapo ile Insert na P yako, ukiibonyeza ukiwa Excel, inagusa Excel tu. Na kitu ambacho hujakibadilisha kwenye profaili kinaendelea kufuata setingi za kawaida, kwa hiyo ukibadili sauti ukiwa desktop, Excel nayo itaongea kwa sauti hiyo mpya.

Halafu sevu kwa Insert, Control na C. NVDA huwa inasevu yenyewe ikifungwa vizuri, ila umeme wetu unaujua, kama kompyuta yako haina betri usisubiri.

Wa JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini, nyie ingieni kwenye programu husika mbonyeze Insert na 6 ile ya juu ya herufi, mtafunguliwa setingi za programu hiyo.

Dada, ukimaliza jaribu hivi: simama kwenye HB-12, isikilize, nenda WhatsApp kwa Alt na Tab, soma ujumbe wa mama, urudi. Dashi ikisikika Excel na koma zikinyamaza kwa mama, imekubali.