Re: Meli ya kitalii kutoka Galveston bila pasipoti, inawezekana?

Habari dada. Kama nimekuelewa, umeshaapishwa uraia wa Marekani ila pasipoti hujaomba, na meli inatoka Galveston, Texas, inaenda Cozumel, kisiwa cha Meksiko, kisha inarudi hapohapo Galveston. Inawezekana. Cha kwanza angalia hilo la kurudi bandari ileile, maana ikiishia bandari nyingine ruhusa hii haipo.

Beba cheti chako cha uraia, orijino sio kopi, pamoja na leseni ya udereva. Watoto waliozaliwa huku wakiwa chini ya miaka 16 cheti cha kuzaliwa kinatosha, ila kiwe kile cha serikali, kile cha hospitali chenye alama za miguu hawakitaki kabisa. Kama jina la kwenye leseni ni la ndoa na la kwenye cheti ni la zamani, chukua na cheti cha ndoa.

Mzee mnayesafiri naye, kama bado ana grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu, yaani hajawa raia), hayo hayamhusu, yeye abebe kadi pamoja na pasipoti ya nyumbani, na mwulizeni wakala kuhusu viza.

Mimi lakini ningeomba tu pasipoti, kwa sababu meli ikikuacha Meksiko au ukaugua huko, kupanda ndege kurudi bila pasipoti ni kazi kwelikweli, utaanzia ubalozini.