Jibu: mtambo mmoja wa kupoza na kupasha joto majengo ya mjini
Mkuu umeuliza, kwenye mradi wa mtambo mmoja unaopoza na kupasha joto majengo mengi kwa mabomba, uanze na mtambo au mabomba, mi nakwambia anza na wateja, yaani wenye majengo. Cheki Toronto kule Kanada, tangu 2004 wanavuta maji ya Ziwa Ontario toka kina cha mita 83 hivi, yana kama nyuzi 4 mwaka mzima, yanapoza maji mengine yanayozunguka kwenye maghorofa ya katikati ya jiji halafu hayohayo ya ziwani yanaenda kunywewa mjini (hapo ndo waliniua, bomba moja kazi mbili). Ila bila majengo makubwa yaliyobanana, mahospitali, maofisi, yenye mkataba mrefu, hela ya kuchimba barabara hairudi. Na mabomba ya joto yalaze kwenye mtaro uleule wa mabomba ya baridi, ukishamwaga lami kufukua tena ni kesi nyingine.