Kilomita kwa lita zinavyomdanganya mnunuzi wa magari ya serikali

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni afisa usafirishaji katika idara ya serikali. Mwaka huu tumepata fungu la kubadilisha magari manne tu, na agizo limekuja kwamba ununuzi uzingatie matumizi ya nishati. Kamati imegawanyika. Wengi wanataka tubadilishe magari madogo ya mjini, zile saluni, kwa kuwa haibridi mpya (zenye injini ya mafuta na mota ya umeme kwa pamoja) zinakwenda kilomita 20 kwa lita badala ya 14 tunazopata sasa. Mimi nafikiria yale magari makubwa ya dizeli ya safari za mbali, lakini mapya yake yanapanda kutoka kilomita 5 hadi 7 tu, na kila nikiitaja hesabu hiyo wananicheka. Kila gari hukimbia kama kilomita 30,000 kwa mwaka. Nimeambatisha orodha ya magari yetu na kurasa chache za daftari la safari. Tununue yapi, na zabuni tuiandikeje?

JIBU: Marahaba. Kesho ukiingia kwenye kikao, waombe wanaokucheka wakupe dakika mbili na kikokotoo.

Saluni ikienda kilomita 30,000 kwa kiwango cha 14 kwa lita inakunywa lita 2,143. Ikipanda hadi 20 inakunywa 1,500. Mmeokoa lita 643. Sasa lichukue gari kubwa: kwa 5 linakunywa lita 6,000, kwa 7 linakunywa 4,286. Mmeokoa lita 1,714. Ile "mbili tu" wanayoicheka imeokoa zaidi ya mara mbili na nusu ya "sita" yao. Na kwa kuwa lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi, gari hilo moja limepunguza zaidi ya tani nne na nusu kwa mwaka.

Kosa liko kwenye kipimo. Kilomita kwa lita hujibu swali la dereva: mafuta yaliyobaki yatanifikisha wapi? Mnunuzi ana swali lingine: kazi hii itanigharimu mafuta kiasi gani? Watafiti Larrick na Soll walilionyesha jambo hili mwaka 2008 katika jarida la Science. Watu wengi, hata wasomi, huiona saluni ndiyo inayookoa. Dawa yake ni nyepesi. Majedwali yote ya kamati yaandikwe kwa lita kwa kilomita 100: gari kubwa linashuka kutoka 20 hadi 14.3, saluni kutoka 7.1 hadi 5. Hapo hata anayechukia hesabu ataona.

Lakini kabla hujashangilia, nimezisoma kurasa ulizotuma, na kuna mstari umenikaa kichwani: "Ofisi – benki – ofisi, km 9, abiria 1." Gari lililotumika ni lile la viti saba. Chuma cha zaidi ya tani mbili kimewashwa, injini ikiwa baridi, kupeleka bahasha. Na si mstari mmoja. Nikijumlisha kurasa hizo na kuzikuza kwa mwaka, kama kilomita 12,000 za gari hilo ni za namna hiyo. Kwa 5 kwa lita hizo ni lita 2,400, na mjini kwa kweli zitazidi. Saluni hiyohiyo kuukuu mnayotaka kuiuza ingezifanya kwa lita 857. Mngeokoa lita 1,543 bila kutoa tangazo la zabuni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila gari kwenye orodha ni kama kazi yake inahitaji gari la aina ile. Magari makubwa ofisini huwa na kazi nyingine isiyoandikwa daftarini, ya kumfanya mkubwa aonekane mkubwa. Hiyo sina fomula yake.

Haibridi ni nzuri, ila ipangieni kazi yake. Inaokoa pale penye kusimama na kuondoka: ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na kwenye foleni injini inazima. Kwenye barabara kuu, mwendo mmoja kwa muda wa saa tatu, hakuna breki ya kuvuna kitu, na faida inapungua sana.

Zile haibridi za kuchomeka kwenye umeme zinahitaji tahadhari zaidi, maana namba zake za maabara zinavutia mno. Tume ya Ulaya ilipolinganisha namba hizo na zilizorekodiwa na magari yenyewe barabarani, katika ripoti ya 2024, ilikuta magari hayo yanatumia mafuta mara tatu na nusu ya yaliyotangazwa. Magari ya kawaida yalizidi kwa takriban asilimia 20. Niliwahi kuitwa kukagua magari ya taasisi moja, nikafungua buti na kukuta nyaya za kuchajia bado zimo ndani ya nailoni yake. Dereva alipewa kadi ya mafuta, hakupewa sehemu ya kuchomeka. Marekani nayo iliyaona hayo: sheria ya nishati ya 1992 ilizilazimisha idara za serikali kuu kununua magari yanayoweza kutumia nishati mbadala, mengi yakiwa ya kutumia ethanoli au petroli, nayo yakaendelea kujazwa petroli. Ilibidi sheria ya 2005 iagize kwamba nishati hiyo itumike kweli.

Gari la umeme kamili lina unyoofu zaidi kwa sababu halina tangi la kukimbilia. Linafaa kazi yenye mzunguko unaojulikana na linalolala uani. Kwa kilomita 80 kwa siku, gari dogo litahitaji uniti kama 13 hadi 16, ambazo soketi ya kawaida ya kilowati 2.3 inazitoa kwa usiku mmoja. Mkitaka kuchaji kumi kwa pamoja, muiteni fundi umeme kwanza, kisha muuza magari.

Sasa zabuni. Msitaje chapa wala ukubwa wa injini. Tajeni kazi: abiria wangapi, mzigo kilo ngapi, barabara ya aina gani, kilomita ngapi kwa mwaka. Injini ndogo iliyobebeshwa mzigo mkubwa si lazima iwe ya akiba. Matumizi yote yatolewe kwa kipimo kimoja. Mzabuni mmoja akileta namba za WLTP, kipimo cha maabara cha matumizi ya mafuta kilichoanza Ulaya mwaka 2017, na mwingine akaleta za NEDC, kipimo kilichokuwepo kabla yake, huyo wa pili ataonekana mshindi bure, maana kipimo cha zamani kilikuwa kinapendelea. Bei ya kushindanisha iwe ya kununua, mafuta ya miaka yote ya matumizi, matengenezo na matairi, kisha mtoe mnachotarajia kuuzia. Fomula hiyo iandikwe ndani ya hati ya zabuni yenyewe; mkiitunga baada ya kufungua bahasha, mmejitafutia rufaa. Kwa dizeli za kisasa zenye kichujio cha masizi, hakikisheni mafuta mnayouziwa yana salfa ya kiwango ambacho mtengenezaji anakubali, la sivyo karakana itakula akiba yote.

Namba za sasa zipimeni wenyewe: jaza tangi hadi juu, andika odomita, mwache dereva afanye kazi zake mwezi mzima akiandika kila lita, kisha jaza tena hadi juu na uandike odomita tena. Mkague upepo wa matairi kabla ya kuanza.

Na lile gari lililo la saba kwenye orodha yako, linalosoma kilomita 3 kwa lita, lisiingie bado kwenye orodha ya kubadilishwa. Rudi daftarini uone: kwa wiki sita mafuta yametoka kila Ijumaa, na safu ya odomita iko tupu. Hilo mpelekee mkaguzi wa ndani, si fundi.