Fedha na Gofu: Majibu kwa Kedi, Mwalimu na Mwenye Fimbo Nyingi

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo za mchezaji, katika klabu moja ya gofu hapa Dar es Salaam, nina miaka 31, mke na mtoto mmoja. Sina mshahara, nalipwa kwa kila raundi, pamoja na bakshishi anayoona mchezaji. Mwaka huu niliamua kuandika mapato yangu: Januari 410,000, Februari 460,000, Machi 300,000, Aprili 190,000, Mei 230,000, na Juni, mwezi wa mashindano, 620,000. Mahitaji ya lazima ya nyumbani ni shilingi 255,000 kwa mwezi. Mwishoni mwa Juni nilikuwa nimejikusanyia shilingi 600,000, nikaziweka katika mpango wa mtandaoni ulioahidi kuzizidisha mara mbili ndani ya siku 30. Sasa namba zao zote hazipatikani. Rafiki yangu ananishauri nikope laki sita kwa simu, niingie katika mpango mwingine alioujaribu yeye, ili nirudishe hasara. Wachezaji ninaowabebea mfuko huzungumza habari za hisa na hatifungani, nami sielewi. Naomba unieleweshe kwa lugha ya uwanjani, maana gofu ninaijua. — Kedi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nianze kwa swali ambalo wewe unaweza kulijibu vizuri kuliko mimi ninayecheza kwa handikapu ya 24 (kipimo cha uwezo ambacho namba ikiwa kubwa, mchezo ni dhaifu). Mpira wa bosi wako umelala nyuma ya shina la mti, kati ya matawi kuna upenyo wa kutosha kupita bakuli, na bosi anakuomba fimbo namba tatu ili apige moja kwa moja hadi kwenye grini, pale penye shimo. Unamwambia nini? Naamini unamwambia yale ambayo makedi wamenieleza mara nyingi, nami nikakaidi: toa nje kwanza, bosi. Ushauri wa rafiki yako ni ule upenyo wa bakuli.

Wachezaji wa umri wangu hawajausahau mwaka 1999, katika mashindano ya The Open yaliyofanyika Carnoustie, Uskoti. Mfaransa Jean van de Velde alifika kwenye shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu, na kwa kuwa shimo hilo lilikuwa la mikwaju minne, hata angelimaliza kwa sita angekuwa bingwa. Alianza na draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote, na mpira ukaenda kulia, mbali na njia, ingawa hapo kilikuwa bado hakijaharibika kitu. Kilichomponza kilikuja baadaye: badala ya kuurudisha mpira njiani kwa mkwaju mfupi, alipiga kwa nguvu kuelekea kwenye grini, mpira ukagonga jukwaa la watazamaji na kurudi kwenye majani marefu, na uliofuata ukatumbukia kijitoni. Alivua viatu na soksi, akasimama majini mbele ya dunia nzima akitafakari kuupiga humo humo, kisha akaghairi na kukubali adhabu. Alimaliza kwa mikwaju saba, wakaingia watu watatu waliofungana katika mchujo, na ubingwa ukaenda kwa Paul Lawrie, ambaye siku hiyo ilianza akiwa nyuma ya kinara kwa mikwaju kumi. Mkwaju wa kwanza ulimweka mahali pabaya tu. Hasara ilitoka kwenye ile miwili iliyofuata, ambayo yote ilipigwa ili kufuta kosa kwa mara moja.

Wewe umekwisha kupiga mkwaju mmoja mbaya, nao umekugharimu 600,000. Tuseme unakopa laki sita kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na mpango wa pili nao unayeyuka. Baada ya miezi mitatu utadaiwa 780,000, huku akiba yako ikiwa sifuri na hasara ya kwanza ikiwa pale pale. Kanuni ya 19 unaijua: mpira usiochezeka unakubali adhabu ya mkwaju mmoja, unaudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili, na mchezo unaendelea. Toa taarifa polisi ukiwa na risiti za miamala ya simu, kisha usijaribu kuzifidia fedha hizo kwa mpango mwingine. Hata mpira uliopotea, tangu mwaka 2019, hutafutwa kwa dakika tatu tu. Zamani zilikuwa tano.

Sasa nirudi kwenye hesabu zako, kwa sababu umeziandika vizuri kuliko watumishi wengi wenye mishahara wanaoniandikia. Kwa miezi sita ulipata shilingi 2,210,000, na mahitaji ya lazima yalikuwa 1,530,000. Tofauti ni 680,000, na wewe uliweza kuweka 600,000 kati ya hizo. Yaani, mwanangu, kuweka akiba unajua. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa mtu aliyetapeliwa hujiona mjinga katika kila kitu, na hapo ndipo anapomsikiliza yeyote anayezungumza kwa kujiamini.

Unachokosa ni kiwango cha kupangia. Handikapu, kama unavyoiona kwenye ubao wa klabu, tangu mwaka 2020 hukokotolewa kwa raundi nane bora kati ya 20 za mwisho. Inapima uwezo wa mchezaji siku akiwa vizuri. Kipato kisicho cha kudumu kinataka kinyume chake. Chukua miezi mitatu mibaya, yaani Machi, Aprili na Mei: jumla ni 720,000, sawa na 240,000 kwa mwezi. Hicho ndicho kiwango chako cha kupangia maisha, wala si wastani wa miezi yote sita ambao ni kama 368,000, na wala si Juni, ambayo ndiyo iliyokupa ujasiri wa kuzitoa laki sita kwa siku moja. Ukipanga kwa 240,000, pengo la kila mwezi ni 15,000. Ukiitazama masika yenyewe, mvua inapopunguza raundi, Aprili ilipungua 65,000 na Mei 25,000, jumla 90,000 tu. Pengo hilo linazibwa na akiba ambayo Februari peke yake, iliyokuachia 205,000, ingeimaliza na kubakisha chenji.

Kwa hiyo lengo la kwanza ni kuwa na 90,000 kabla ya masika, ambazo hazitaguswa kwa harusi wala kwa simu mpya. Lengo la pili ni mahitaji ya miezi mitatu, 765,000, kwa sababu kedi akiumia mgongo hakuna anayemlipa raundi ambazo hakubeba. Akiba hiyo iwe mahali unapoweza kuitoa ndani ya siku chache bila adhabu. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya umma ya uwekezaji wa pamoja, ni mfano mmoja, na akaunti ya akiba ya benki ni mwingine. Baada ya hapo ulizia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao hupokea pia michango ya waliojiajiri. Hisa (sehemu ya umiliki wa kampuni) na hatifungani (mkopo unaoipa serikali au kampuni ili ikulipe riba) unazozisikia uwanjani zina nafasi yake, lakini ni draiva, na draiva haikutoi nyuma ya mti. Siku mtu akikuletea mpango wowote, muulize leseni yake, kisha ithibitishe mwenyewe: wakopeshaji kwa Benki Kuu ya Tanzania, wakusanyaji wa fedha za uwekezaji kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Anayechukia swali hilo amekwisha kulijibu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wakala wa mkopo alikuja shuleni, akatujazia fomu, nikatia saini. Aliniambia makato ni 95,000 kwa mwezi, nayo ni kweli, lakini sikuelewa kwamba ni kwa miezi 72. Je, nimedhulumiwa? — Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwaka 1968, huko Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alicheza raundi ya mwisho ya Masters kwa mikwaju 65, siku aliyotimiza miaka 45. Mchezaji mwenzake, aliyekuwa akimwandikia kadi, aliweka 4 badala ya 3 katika shimo la 17, De Vicenzo akatia saini bila kukagua, na kwa mujibu wa kanuni ikahesabiwa 66. Alikosa kwa mkwaju mmoja kuingia katika mchujo na Bob Goalby. Watu wengi waliliona shimo lile kwa macho yao, lakini saini ilikuwa imekwisha kutiwa.

Kwa hiyo, mwalimu, kama mkataba unaonyesha miezi 72, kudai kwamba hukusoma hakutakufikisha mbali. Makato ya 95,000 mara 72 ni 6,840,000. Linganisha na fedha ulizopokea mkononi, ndipo utajua gharama halisi ya mkopo. Omba kwa maandishi ratiba ya marejesho na kiasi kilichobaki iwapo utalipa mapema. Kagua pia hati ya mshahara: utaratibu wa utumishi wa umma unataka angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi ibaki kwa mtumishi. Ukikuta namba za fomu zinatofautiana na nakala yako, au kwamba hukupewa nakala kabisa, hapo una hoja, na malalamiko dhidi ya watoa huduma za fedha yanapokelewa Benki Kuu.

SWALI: Nacheza gofu kila Jumamosi. Nina hisa za kampuni mbili, viwanja viwili, kuku 200, vikundi vitatu vya VICOBA, hatifungani na sarafu za mtandaoni. Mke wangu anasema nimejichanganya. Mimi nasema nimegawanya hatari. Nani yuko sahihi? — Mfanyabiashara, Arusha

JIBU: Kugawanya hatari ni jambo jema, na hisa mbili pamoja na hatifungani hazikuombi chochote Jumamosi. Hata hivyo, kuna sababu iliyofanya waendeshaji wa gofu, Marekani mwaka 1938 na R&A, wasimamizi wa kanuni za gofu walioko Uskoti, mwaka uliofuata, kuweka kikomo cha fimbo 14: walikuwapo wachezaji waliobeba zaidi ya 20, na mfuko huo hakuubeba mchezaji bali kedi. VICOBA vitatu ni vikao vitatu, na kuku 200 wanataka maji alfajiri, iwe sikukuu au siku ya mashindano. Chukua karatasi, andika mbele ya kila mali jina la mtu anayeihudumia. Jina la mama watoto likitokea mara nyingi kuliko lako, muulize yeye ni fimbo zipi zitoke mfukoni, na uanze na atakayoitaja kwanza.