Kilo 80 zilianzia kwenye jiko la makaa

Jumamosi iliyopita nilichuchumaa na kilo 80 mabegani mara tano, na mara zote tano nikainuka. Usiku sikulala mapema kwa furaha. Najua wengi mnaosoma hapa mnaitamani namba hiyo, basi acheni niwaambie ilikotoka.

Miaka miwili iliyopita niliingia jimu moja ya Eastlands, Nairobi, siku yangu ya kwanza kabisa. Kocha aliniuliza uzito wangu, nikamwambia 64. Akanitwika 50. Hakunionyesha miguu ikae wapi wala hakuweka vyuma vya usalama, vile vya pembeni vinavyodaka mzigo ukikushinda. Kwenye kushuka kwa pili magoti yaliingia ndani, visigino vikanyanyuka, nikapepesuka mbele na mzigo wote. Wanaume wawili ndio walioudaka. Kocha akasema, "Nyinyi wanawake mna haraka." Kiuno kiliniuma wiki tatu, hata kupanda matatu nilikuwa nashikilia mlango kama ajuza. Kiuno kilipona. Maneno yale hayajapona.

Aliyenirudisha ni mzee mwenye jimu ya mabati huko Kayole, vyuma vyake vimechomelewa na mafundi wa jua kali. Hakunipeleka kwenye chuma, kile kirefu cha kubebea sahani za uzito. Aliniambia, "Jifanye unapuliza jiko la makaa." Nikachuchumaa. "Baki hapo hapo, mama. Angalia miguu yako." Nikaangalia: visigino vimelala chini, magoti yamefunguka. Mwili ulikuwa unajua tangu utotoni. Akanipa sahani ya kilo 5 niikumbatie kifuani, akaniambia viwiko viyasukume magoti nje. Tulifanya hivyo mwezi mzima, kisha ndipo nikapewa chuma kitupu, ambacho chenyewe ni kilo 20.

Kwa hiyo anza hivyo. Miguu upana wa mabega, vidole vielekee nje kidogo. Chuma kikae juu ya nyama ya mgongo wa juu, kisiguse mfupa wa shingo. Vuta pumzi ijaze tumbo, likaze, ndipo ushuke, uzito ukiwa katikati ya wayo. Magoti yafuate vidole. Shuka mpaka nyonga ipite chini ya goti. Kwenye mashindano ya kunyanyua uzani yenye kuchuchumaa, ukiishia juu ya hapo marefa hawakuhesabii. Raba za kukimbia zenye soli laini ziache nyumbani, vaa viatu vya soli bapa. Simu iegemeze kwenye chupa ya maji, ikurekodi kwa ubavu, kwa sababu utaapa umeshuka na video ikuonyeshe uliishia katikati. Mimi niliapa hivyo miezi miwili.

Na visigino, narudia, visigino! Dada yangu, ndugu yangu, kama huwezi kushuka na chuma kitupu mara kumi bila kisigino kunyanyuka, usiongeze hata kilo moja. Asikuharakishe mtu. Wanaokutazama hawatakupeleka hospitali. Nanyi makocha, mtu akija siku ya kwanza amekukabidhi mgongo wake. Mshike kwa heshima. Wekeni vyuma vya usalama kabla ya kuweka sahani. Ni kazi ya dakika moja.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko Kayole. Nitaanza na chuma kitupu, raundi mbili, kama kila siku, halafu mzee ataniongezea kilo mbili na nusu juu ya zile 80.