Uwatu, jasho na mashine ya sukari

Tanga

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika. Swali lako nimelisoma mara mbili, ya pili nikicheka. Unauliza joto hili la kukoma hedhi nililitibu kwa kitu gani, maana shangazi yako kakuletea unga wa uwatu, na shoga yako kakuuzia vidonge vya mzizi wa Marekani vilivyoandikwa black cohosh.

Uwatu niliutumia. Huku kwetu ni chakula cha mzazi, nani angeuogopa? Kila alfajiri kijiko kimoja kwenye maji ya moto. Wiki ya tatu nikaanza kutetemeka na kulowa jasho saa nne asubuhi. Nikasema ndiyo hedhi inaniaga hiyo, nikaongeza kijiko! Baba yako ndiye aliyeleta mashine ya sukari: 3.1. Ikishuka chini ya 4 ni hatari, nami nilikuwa nameza glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, kila siku. Kumbe uwatu nao hushusha sukari, na jasho lake ni lilelile la hedhi, huwezi kulitofautisha kwa macho. Nikanywa soda nzima kwa mkupuo. Daktari akanigombeza, "Mama, mbona hukuniambia?" Sikudhani uwatu unahesabika kuwa dawa.

Wewe huna sukari, kwa hiyo uwatu wa shangazi sikukatazi, ila daktari ajue. Hivyo vidonge viweke kando. Waliovipima hawakuona wazi kwamba vinashinda kidonge kitupu kisicho na dawa, na wapo walioharibika ini baada ya kuvimeza. Wewe uliyeugua ini ukiwa chuoni, vya nini? Soya kula, ina kitu kinachofanana na estrojeni, homoni ya kike inayotupungukia, na wengine hupata nafuu kidogo.

Mimi nilichofaidika nacho ni kuacha chai ya tangawizi usiku, kulala na kanga moja, na feni. Baba yako alihamia chumba cha wageni miezi miwili kwa baridi. Ukiwa hulali kabisa, muulize daktari habari za homoni. Zinasaidia, ila hazimfai kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti.

Na ukishapitisha miezi 12 bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone, usichemshe jani lolote. Nenda hospitali.

Ile feni uliyoniahidi bado naingoja.

Mama yako