Jibu: Baiskeli ya milimani ya 1994, foku kwanza au breki?
Ndugu, umeuliza kama fremu yako ya chuma ya mwaka 1994, yenye magurudumu ya inchi 26, ifungwe kwanza foku (uma wa mbele unaoshika gurudumu) ndefu ya springi au breki za diski (zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu) kabla ya kuipeleka kwenye njia za msitu wa Karura, Nairobi. Kwa maoni yangu, yote mawili yasubiri. Fremu ya umri huo kwa kawaida haina mahali pa kufungia breki ya diski, na foku ndefu kuliko ya mwanzo itainua mbele, usukani uanze kuyumba unapopanda mlima. Funga breki za V (mikono miwili mirefu inayobana rimu) kwenye vigingi vya breki vilivyopo, ila ubadilishe pia vishikio vya breki vya kwenye usukani, kwa kuwa breki hizo zinahitaji waya uvutwe zaidi kuliko zile za zamani. Mimi nilipuuza hilo, nikabana kishikio hadi kikagusa usukani huku baiskeli ikiteremka tu. Cheni ipime kwa rula: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, ikiwa mpya, ni milimita 304.8, na ikipita 306 ibadilishe kabla haijala meno ya gia. Fedha itakayobaki nunua tairi zenye meno makubwa, baada ya kupima nafasi iliyopo kwenye fremu.